Makuta ya Shule: Wazazi wa Zamani Waliyatoa Wapi?

Leo tunaandika historia kidogo, lakini ni historia iliyotuingia kwa sababu ya kikao.

Jumamosi moja sisi vijana wa kujitolea tulikaa na wazazi hapa Remera, kwenye chumba cha kuazima upande wa Giporoso. Wengi wao ni wakimbizi wa Kongo na Burundi wanaoishi mjini, si kambini. Shida ilikuwa moja: kuna watoto ambao sare imechakaa, daftari hakuna, na hata pesa ya chakula cha shule haijalipwa. Serikali ya Rwanda ilipanga mwaka 2022 kwamba mzazi wa shule ya msingi achangie faranga 975 kwa muhula, na wa sekondari ya kutwa 19,500. Ukisikia 975 unasema ni kidogo. Mwulize mama anayefua nguo za watu, ana watoto wanne, wawili wako sekondari.

Mmoja wetu alikuwa amechapisha karatasi kutoka intaneti, mawazo ya kuchangisha pesa za shule. Ya kwanza: wazazi waoshe magari. Mama mmoja akauliza, "Na sisi tusio na gari, tutaosha la nani?" Tulicheka mpaka basi. Kisha mzee mmoja, aliyewahi kufundisha huko Masisi, akasema hizo karatasi tuziweke kando kwanza, tuulize wazazi wa Afrika walifanya nini kabla yetu. Ndiyo tukaanza kutafuta.

Mzee alianzia kwao. Zaire, mwanzo wa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilikuwa imekufa kabisa. Walimu wakagoma, na mwaka wa masomo wa 1991-1992 ukapotea. Ndipo maaskofu Wakatoliki na chama cha wazazi wakakubaliana kwamba wazazi wenyewe watawapa walimu pesa ya motisha ili shule zifunguke. Tusiwalaumu, maana bila wao shule zingebaki zimefungwa. Lakini ile pesa ilikuwa ya kuvuka shida tu, na haikuondoka tena. Sehemu yake ikaanza kupanda juu, kwenye ofisi za elimu, na kila ofisi ikakata fungu lake. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure, na wazazi wakaendelea kulipa. Gratuité yenyewe ilianza kutekelezwa mwaka 2019.

Hapo kikao kilinyamaza, kwa sababu wengi wetu tuliosoma Kongo tunajua maana yake. Mtu anaingia darasani na orodha, anasoma majina, mnatoka nje. Mnakaa chini ya mti mpaka saa sita, halafu mnarudi nyumbani kumwambia mama kitu ambacho yeye tayari anakijua.

Upande wa Kenya tulipata mfano mwingine, na huu ndio tuliujadili sana. Baada ya ugomvi wa Wakikuyu na wamisionari mwaka 1929, wazazi walitoa watoto kwenye shule za misheni wakajenga shule zao huru. Walimu wa kutosha hawakuwepo. Mbiyu Koinange aliporudi kutoka masomoni Marekani, chuo cha ualimu kikafunguliwa Githunguri mwaka 1939. Pesa ilitoka wapi? Kwenye rika. Kwa Wakikuyu kila mtu ana rika lake la watu waliotahiriwa pamoja, basi michango ikakusanywa rika kwa rika, na rika moja halikutaka kushindwa na lingine. Wanawake nao wakachanga kivyao kujenga bweni la wasichana. Serikali ya kikoloni ilikifunga chuo mwaka 1952, wakati wa hali ya hatari, lakini kwa miaka kumi na tatu kilikuwa kimesimama kwa pesa za wakulima.

Kenyatta, ambaye naye aliongoza chuo hicho, alipochukua madaraka 1963 alitangaza harambee. Shule za harambee zikaota kila mahali, na watoto wengi wasingeona sekondari bila hizo. Baadaye wakubwa wakageuza harambee kuwa jukwaa: nani ametoa bahasha nene, nani anataka ubunge. Ilibidi sheria ya mwaka 2003 iwazuie watumishi wa umma kuchangisha kwa cheo chao.

Na hapa Kigali? Wengi tunapita Muhima bila kujua. Mwaka 1981 wazazi walianzisha pale shule ya APACOPE. Wakati ule nafasi za sekondari ziligawiwa kwa mizani ya kabila na mkoa, na mtoto angeweza kufaulu akakosa pa kwenda. Wazazi wa watoto waliofungiwa mlango wakaungana wakajenga shule. Kwetu sisi wakimbizi hiyo ni habari ya karibu sana. Hata Gihembe, kambi iliyofungwa 2021 watu wakahamishiwa Mahama, wakimbizi waliwahi kuanzisha Hope School yao kwa sababu msaada uliishia sekondari ya chini. Walimu walikuwa vijana wa kambi. Baadhi yetu tunaojitolea Mahama bado tunakutana na watu waliosoma pale.

Kitu kimoja zaidi cha Rwanda: mwaka 2009, elimu ya msingi ya miaka tisa ilipoanza, madarasa hayakutosha. Wazazi wakafyatua matofali na kubeba mawe katika umuganda, serikali ikaleta mabati na saruji. Asiye na faranga alitoa mikono yake, na ikahesabika.

Basi turudi kwenye kikao. Wazo la rika tulilichukua, tukalibadilisha: wazazi wa darasa moja la watoto ndio rika moja. Kila rika linachagua njia yake. Kuna wamama waliosema watatenga kidogo kutoka kwenye ikimina yao, yaani likelemba kwa sisi wa Kongo. Wanaojua kushona watashona sweta, na kila sweta itaandikwa kama mchango. Sisi vijana tutaandaa mechi na kuuza sambusa.

Ugomvi ulikuja kwenye jambo moja. Mweka hazina alitaka majina ya wasiotoa yabandikwe ukutani, eti watu bila aibu hawatoi. Wengine walimuunga mkono, na kusema kweli hata sisi tuligawanyika. Mzee wa Masisi akakataa kabisa. Alisema orodha ya namna hiyo aliwahi kuisoma yeye mwenyewe mbele ya darasa, mara nyingi, kwa amri ya waliokuwa juu yake, na bado anawakumbuka watoto waliotoka. Tulipiga kura: 14 walikataa majina, 9 walitaka. Kitakachobandikwa ni kilichoingia na kilichotumika tu.

Kikao kijacho ni baada ya umuganda wa mwezi huu. Daftari limebaki kwa mama wa darasa la tatu. Ukurasa wa kwanza una faranga 14,300 na sweta tatu, moja haina mikono bado, uzi uliisha.