Lugha za Darasani na Mafunzo ya Mbali Katika Meru na Embu

Mafunzo yanayochanganya masomo ya mbali na mikutano ya ana kwa ana hudhaniwa na wengi kuwa yameletwa na intaneti. Historia ya elimu katika Meru na Embu yaonyesha vinginevyo. Tena yaonyesha kwamba masomo ya mbali yalibeba zaidi lugha zilizokwisha kupata vitabu, ilhali lugha nyingine za wanafunzi ziliachiwa kinywa cha mwalimu.

Chanzo cha hali hiyo ni maandishi. Wamisheni wa Kianglikana walifungua kituo cha Kigari, Embu, mwaka 1910, na Wamethodisti wakafika Kaaga, Meru, mwaka 1912. Katika Embu vitabu vya kanisa vilikuwa vya Kigikuyu, lugha iliyo jirani ya Kiembu na Kimbeere lakini si sawa nazo. Katika Meru, Agano Jipya la Kimeru lilitoka mwaka 1952 na Biblia nzima mwaka 1964. Hata hivyo jina hilo moja lilifunika Kiimenti, Kitigania, Kiigembe, Kimwimbi, Kichuka na Kitharaka. Mtoto wa Tharaka aliyefunguliwa kitabu cha Kimeru alikutana na maneno yasiyosemwa nyumbani kwao.

Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza, lugha za mama zikibakiziwa kipindi cha hadithi. Walimu wengi wakati huo hawakuwa wamehitimu vya kutosha. Kwa hiyo mwaka 1967 Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kilianzisha masomo kwa njia ya posta. Mwalimu wa daraja la P3 aliyetaka kupanda hadi P2 aliletewa vitabu, akasikiliza vipindi vya redio, kisha akahudhuria mafunzo mafupi ya bweni. Huo ndio mchanganyiko unaosifiwa leo. Lengo lake, lakini, lilikuwa kumwandaa mwalimu kwa mtihani wa masomo ya sekondari; namna ya kufundisha darasa lenye lugha kadhaa haikuwa shabaha yake.

Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilirejesha lugha ya eneo la shule katika madarasa matatu ya mwanzo. Hata hivyo mradi mkubwa wa redio uliofuata, wa 1980 hadi 1985, ulifundisha Kiingereza. Sauti ya redio iliuliza, watoto wakajibu kwa pamoja, na mwalimu aliyekuwa mbele yao ndiye aliyeandaa somo na kulimalizia. Mpango wa Tusome wa 2015, uliowapa maafisa wa elimu tabuleti za kuwasaidia walimu darasani, ulishughulikia Kiingereza na Kiswahili. Majaribio ya lugha za mama yaliyoutangulia yalifanywa kwa Kikamba na Kibukusu.

Sababu ya mwendo huu si chuki kwa lugha ndogo. Kipindi au kitabu hugharimu kiasi kilekile kikitumiwa na watu wachache au wengi, na waandaaji huchagua wengi. Kwa sababu hiyo, mkutano wa ana kwa ana haufai kuhesabiwa kuwa nyongeza tu ya masomo ya mbali. Mwalimu wa Imenti aliyepangiwa shule ya Tharaka hatapata Kitharaka kwenye tabuleti yake. Atakipata kwa wenzake na kwa wazazi, iwapo mafunzo yake yatatenga saa za kazi hiyo.