Kandanda ya Kiingereza Ilivyotiwa Mnadani

Wakuu wa vilabu vya kandanda vya Uingereza, ambao leo wangeshindwa kulipa mishahara ya wachezaji wao lau fedha za televisheni zingekatika, waliishi miaka mingi wakiihesabu televisheni kuwa ni adui. Na hofu yao, ingawa sasa yachekesha, haikukosa hoja, kwani rizki ya klabu siku zile ilikuwa ni kiingilio cha mlangoni, na mtu awezaye kuutazama mchezo nyumbani kwake pasipo gharama, atakwenda uwanjani kunyeshewa na mvua kwa ajili ya nini?

BBC ilikuwa imeanza kwa majaribio mwaka 1937, ikawaonyesha Arsenal wakicheza wao kwa wao, na mwaka uliofuata ikaonyesha fainali ya Kombe la FA baina ya Preston North End na Huddersfield Town. Hayo hayakumtisha mtu, maana wenye televisheni walikuwa wachache mno. Kishindo kilikuja Septemba 1960, ITV, televisheni ya kibiashara ya huko Uingereza, ilipoonyesha mchezo wa ligi moja kwa moja, Blackpool na Bolton Wanderers, ukasogezwa hadi jioni kwa ajili hiyo. Lakini Stanley Matthews, nyota wa Blackpool, ambaye ndiye aliyetazamiwa, alikuwa majeruhi, Bolton wakashinda bao 1 kwa nunge katika mchezo uliopooza, na Arsenal na Tottenham walipokataa kuzikaribisha kamera, shauri lote likavunjika.

Tarehe 22 Agosti 1964 BBC, katika stesheni yake ya pili, BBC2, ilianza kipindi cha Match of the Day, kilichoonyesha usiku sehemu tu za mchezo uliokwisha kuchezwa, na siku hiyo ya kwanza, kwa kuwa stesheni yenyewe ilipatikana London na viungani mwake tu, watazamaji walikisiwa 20,000, hawakufika hata nusu ya walioujaza uwanja wa Anfield kuwatazama Liverpool wakiwafunga Arsenal 3 kwa 2. Hata hivyo Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, muuza nyama asiyeyumbishwa, aliwafungia wapiga picha wa televisheni mlango wa uwanja wao wa Turf Moor kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1983 ndipo vilabu viliporidhia michezo ya ligi ionyeshwe tena moja kwa moja, kwa pauni milioni 5.2 za miaka miwili. Mwaka 1988 ITV ikatoa milioni 44 kwa miaka minne. Bei hizo zilikuwa ndogo kwa sababu mushtari walikuwa wawili tu, wakielewana. Alipotokea wa tatu, Sky ya Rupert Murdoch, iliyokuwa ikipata hasara na ikiwahitaji watu walipe kila mwezi, mambo yaligeuka. Kwani sinema hungoja, lakini mchezo ni kama samaki mbichi, thamani yake huoza mara filimbi ya mwisho ipulizwapo, na atakaye kuuona mbichi hana budi kulipa.

Mnamo Mei 1992 vilabu 22 vya Ligi Kuu vilikutana katika hoteli moja ya London kuamua nani auziwe haki ya kuonyesha michezo yao. ITV ikapandisha bei yake hadi pauni milioni 262. Alan Sugar, mwenyekiti wa Tottenham, ambaye kampuni yake ndiyo iliyoiundia Sky madishi, akatoka kwenda kupiga simu akiwahimiza Sky waongeze. Na kwa kura 14 dhidi ya 6 Sky ikashinda, pamoja na BBC, kwa milioni 304 za miaka mitano. Ni haki kueleza kwamba wenzake waliyajua maslahi yake wakamruhusu apige kura. Lakini simu ile, kwa rai yangu, ilinuka. Mwaka 2015 mkataba wa miaka mitatu tu ulifikia pauni bilioni 5.136.

Pamoja na fedha ziliuzwa saa: mchezo ukahamishwa Jumapili, ukahamishwa Jumatatu usiku, na msafiri wa mbali hakuulizwa atarejeaje kwake. Ila masalia ya hofu ya kina Lord yamebaki, nayo ni kanuni ikatazayo kuonyesha mchezo moja kwa moja ndani ya Uingereza alasiri ya Jumamosi, ili viwanja vidogo visikose watu. Kanuni hiyo haivuki bahari. Hivyo mkaazi wa Liverpool aliyekosa tiketi ya mchezo wa saa tisa alasiri hawezi kuuona kwa njia ya halali, ilhali kijana wa Manzese, Dar es Salaam, katika kibanda umiza, huutazama mchezo huo huo saa kumi na moja jioni, au saa kumi na mbili, Ulaya iwapo katika baridi.