Mwalimu aliyeongoza kiwanda cha magari

Kila msimu wa pamba malori ya Isuzu hupita nyumbani kwetu. Wachache wanajua kwamba kiwanda cha Nairobi kinachounganisha magari ya aina hiyo kiliongozwa na mwanamke aliyeanza maisha ya kazi ameshika chaki. Rita Kavashe alikuwa mwalimu. Mwaka 1995 akajiunga na General Motors jijini Nairobi, na mwaka 2011, baada ya miaka 16 (si haba!), akawa mkurugenzi mtendaji. Mwaka 2017 General Motors ikawauzia Isuzu hisa zake. Jina la kampuni likabadilika, mama akabaki kitini. Binti zetu bado tunawaambia magari ni ya wavulana. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia wangu.