Familia zilizosahaulika katika historia ya mbwa waongozaji

Kila Jumatano ya mwisho ya Aprili huadhimishwa Siku ya Kimataifa ya Mbwa Waongozaji, na kila mwaka husimuliwa habari ile ile. Askari wa Ujerumani walipofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakafunguliwa shule ya mbwa Oldenburg mwaka 1916. Kisha kijana asiyeona, Morris Frank wa Nashville, akasafiri hadi Uswisi mwaka 1928 na kurudi Marekani na mbwa wake, Buddy. Mwaka 1929 ikazaliwa shule ya The Seeing Eye. Leo Frank na Buddy wana sanamu yao mjini Morristown, New Jersey, nao wanaistahili.

Ninaowakosa katika masimulizi hayo ni wale waliompokea kilebu, yaani mtoto wa mbwa, wakamlea zaidi ya mwaka mzima, kisha wakamtoa kwa mtu wasiyemjua. Bila wao kazi hii ingebaki ya kubahatisha.

The Seeing Eye ilianza kuwapa vijana vilebu mwaka 1942, kupitia vilabu vya 4-H vinavyowafundisha watoto wa mashambani kilimo na ufugaji. Lakini aliyeonyesha kwa hesabu uzito wa malezi hayo ni Clarence Pfaffenberger wa California, na kitabu chake cha mwaka 1963 ndicho nilichokitegemea hapa.

Mwaka 1946 Pfaffenberger alijitolea katika shule ya Guide Dogs for the Blind, iliyoanzishwa kwa ajili ya askari waliorudi kutoka vitani wakiwa hawaoni. Alikuta hali ya kukatisha tamaa: katika kila mbwa 100 walioanza mafunzo, 9 tu ndio waliofuzu. Akaenda Bar Harbor, jimboni Maine, kwa mtafiti J. P. Scott, ambaye pamoja na wenzake alikuwa akichunguza makuzi ya mbwa tangu kuzaliwa. Huko alielezwa kwamba wiki chache za mwanzo ndizo zinazoamua kama mbwa atamwamini binadamu au atamwogopa maisha yake yote.

Akarudi California na kuanzisha majaribio kwa vilebu wenye umri wa wiki 8 hadi 12. Mpira ulirushwa ili kuona nani ataurudisha. Kigari kilisukumwa karibu nao kuona nani atakimbia, nani atasimama kukitazama. Waliofaulu walipelekwa kwa familia. Hata hivyo likabaki fumbo: baadhi ya wale waliofaulu vizuri kabisa walikuja kushindwa mafunzo wakiwa wakubwa.

Kumbukumbu za shule ndizo zilizolifumbua. Familia hazikupatikana kwa wakati mmoja, hivyo kuna vilebu waliobaki bandani wakisubiri. Waliochukuliwa ndani ya wiki moja baada ya majaribio, karibu 90 katika kila 100 walikuja kuwa waongozaji. Kati ya waliosubiri zaidi ya wiki 3, waliofika huko ni wapatao 30 tu katika kila 100. Wote walikuwa wamefaulu majaribio. Kilichowatenga ni nyumba ya watu: sauti za jikoni, watoto wanaokimbia, mlango unaobamizwa, mgeni anayebisha hodi. Kwangu mimi, hakuna jambo kubwa kuliko hilo katika historia yote ya mbwa hawa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 shule ile ilikuwa ikifuzisha kama mbwa 9 katika kila 10.

Msomaji aliyezoea mbwa wa kulinda, anayelala nje na kufunguliwa usiku, huenda akashangaa familia hizo zinafundisha nini. Zinamfundisha kilebu kujisaidia kwa wakati, kutookota chakula njiani, kutoparamia wageni, kutulia ndani ya basi, sokoni na kwenye lifti. Kuongoza akiwa amevaa mkanda wenye mpini na kukwepa magari hufundishwa baadaye na wataalamu. Kisha siku hufika, kwa kawaida mbwa akiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, familia inamrudisha shuleni. Watoto hulia. Wengi huchukua kilebu mwingine.

Uingereza ilianza utaratibu huo wa kulea vilebu katika familia mwaka 1956. Afrika Kusini ilianzisha shirika lake la mbwa waongozaji mwaka 1953, baada ya Gladys Evans kufika na mbwa wake, Sheena. Mbwa hawa wamepata nafasi hata penye ibada: mwaka 2008 msikiti mmoja mjini Leicester, Uingereza, ulimruhusu Mwislamu asiyeona kuja na mbwa wake, na mbwa huyo akatengewa mahali pa kupumzika mlangoni, nje ya sehemu ya kuswalia.

Kwetu Afrika Mashariki asiyeona hutegemea fimbo nyeupe, au bega la mtoto. Saa anazotumia mtoto huyo kuongoza ni saa ambazo hayuko darasani, na jambo hilo linapaswa kutuuma kuliko linavyotuuma sasa.

Kwa shule za mbwa waongozaji nina ombi moja. Aprili ijayo, mtakapotoa picha za mbwa waliofuzu pamoja na watu wanaowaongoza, iwekeni pia picha ya familia iliyomlea kila mmoja wao.