Kikorea, Kiikizu na herufi za Mfalme Sejong

Leo naomba tuache siasa za Bunda kidogo tuzungumzie lugha. Tena si Kiingereza, maana hicho tumeshakibishania mpaka koo zimekauka. Nataka tuongelee Kikorea.

Msishangae. Hapa kwetu Nyamuswa, katikati ya Ikizu, kuna vijana wanaosalimiana "annyeong" kama vile walizaliwa Seoul. Chanzo ni tamthiliya, hasa ile ya Jumong ya mwaka 2006, yenye vipande 81, iliyozunguka nchi hii kwa CD za kuazimana mpaka zikakwaruzika. Mimi nilikwenda mbele zaidi, nikanunua daftari. Ni karibu mwaka sasa najifunza, na kwa vile chuo nilisoma historia (ingawa mhariri wangu ananiona nafaa kwa vikao vya madiwani tu), nimejikuta nachimba habari za hiyo lugha kuliko kukariri maneno yake.

Kitu cha kwanza kinachomshangaza mgeni ni herufi. Ukiziona utadhani utateseka miaka mitano. Kumbe mtu mwenye bidii anaweza kuzisoma ndani ya siku chache! Sababu ni kwamba hazikuja zenyewe, zilitungwa. Mfalme Sejong alizikamilisha mwaka 1443 na kuzitangaza 1446, zikiwa 28. Leo zimebaki 24, yaani konsonanti 14 na irabu 10. Kabla ya hapo Wakorea waliandika kwa alama za Kichina, ambazo mkulima wa kawaida hakuwa na muda wa kuzisoma. Sejong alitaka huyo mkulima naye aweze kuandika. Na umbo la herufi linakuonyesha mdomo unavyofanya kazi: ya "m" ni kisanduku kama mdomo uliofumba, na ya "k" inafuata shina la ulimi likiziba nyuma.

Wasomi wake hawakufurahi. Choe Malli alimwandikia mfalme kumpinga mwaka 1444, na kwa karne nyingi wenye elimu wakaendelea na Kichina chao. Serikali ilikuja kuzikubali rasmi katika nyaraka zake mwaka 1894. Cha ajabu, kabla ya hapo mgeni alikuwa ameshaziona thamani yake. Homer Hulbert, Mmarekani aliyefika Seoul mwaka 1886 kufundisha Kiingereza, alijifunza herufi hizo na baada ya miaka michache akaandika kwazo kitabu cha jiografia ya dunia, wakati wakubwa wa nchi wakiziona ni za wanawake na watoto.

Halafu akaja Mjapani. Alitawala kuanzia 1910 hadi 1945, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 Kikorea kilikuwa kinaondolewa mashuleni. Chama cha Lugha ya Kikorea kilikuwa kinatunga kamusi, kikiomba wasomaji wa jarida lake wakiletee maneno ya vijijini kwao. Mwaka 1942 wanachama wakakamatwa, wawili wakafia gerezani, na miswada ikachukuliwa kama ushahidi. Vita vilipokwisha, Septemba 1945, miswada ile ilikutwa kwenye ghala la stesheni ya reli ya Seoul. Juzuu ya kwanza ya kamusi ikatoka 1947.

Hapo ndipo niliposimama kidogo na daftari langu. Shule moja niliyosoma (jina nalihifadhi) ukikamatwa unaongea Kiikizu ulivishwa kibao shingoni, nawe ukamvizia mwenzako umpasie. Hatukutawaliwa na Mjapani. Walimu walikuwa baba na mama zetu.

Na Kiikizu si lugha nyepesi ya kuandika kwa herufi za Kiswahili. Kiswahili kina irabu tano, Kiikizu kina saba. Ndiyo maana sikio la Mwikizu halibabaiki sana likiambiwa Kikorea kina irabu nje ya a, e, i, o, u. Rafiki zangu wa Dar huko ndiko wanakokwama. Wataalamu wa SIL walioanza mradi wa lugha za Mara hapo Musoma mwaka 2006 walizikuta irabu hizo na wakalazimika kuzitafutia alama. Mimi nilizaliwa nazo mdomoni, lakini nilijifunza kuandika sauti za Seoul kabla sijaona ukurasa mmoja wa Kiikizu uliochapwa.

Mambo mengine ya Kikorea utadhani wametuibia. Mkorea hasemi "mama yangu", anasema "uri eomma", mama yetu, hata kama hana ndugu. Kitenzi kinabadilika kulingana na heshima ya unayeongea naye, na mtu aliyelelewa kwa shikamoo haraka anaelewa kwa nini. Hesabu wana za aina mbili, za kwao na za Kichina: saa husomwa kwa za kwao, dakika kwa za Kichina. Sisi tulichanganya kabisa, tukasema tano ya Kibantu na sita ya Kiarabu kwa pumzi moja.

Uhusiano nao ni wa siku nyingi, ila tulianzia Kaskazini. Tanzania ilianza ubalozi na Pyongyang mwaka 1965, Mwalimu akaenda huko 1968, na neno lao moja likabaki Dakawa, Morogoro: kituo cha utafiti wa kilimo cha Cholima, jina la farasi wa hadithi zao mwenye mbio za ajabu. Na Seoul tulifungua uhusiano mwaka 1992 tu. Lakini Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni huko Seoul kilikuwa kinafundisha Kiswahili tangu miaka ya 1980! Walijifunza yetu kabla hatujapeana mabalozi.

Sasa nina ombi. Wazee wa Ikizu waliowahi kuandika misamiati, methali au majina ya koo kwenye madaftari, hata kama yameliwa na mchwa nusu, naomba wawaambie wajukuu zao wanitafute. Nitakuja mwenyewe kwa baiskeli, nitanakili hapohapo na daftari litabaki kwa mwenyewe. Nimeanza na herufi A, nina maneno 43.