Somo la Historia: Ubongo wa Kompyuta

Wengi wenu mna kompyuta kuukuu ya mezani, nanyi mwajiuliza: je, nibadili prosesa, yaani ubongo wake, au nitunze fedha zangu? Tuiulize historia.

Mwaka 1989 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa ya 486. Mwaka 1992 ikauza OverDrive, iliyotiwa katika kompyuta za namna hiyo ili ziongezeke mbio. Lakini mwaka 2017 ilitoa prosesa zenye viguso 1151, sawa na zile za mwaka 2015, nazo hazikukubali bodi za zamani. Aliyehesabu viguso tu alipata hasara. Kampuni ya AMD ilikwenda njia nyingine: soketi yake ya AM4, ya mwaka 2016, ilipata prosesa mpya hata mwaka 2022, ingawa bodi nyingi zilitaka kwanza programu yake ya kuwashia isahihishwe.

Basi tumejifunza nini? Bodi ndiyo mwenye nyumba. Prosesa ni mgeni. Kabla hujanunua, soma jina la bodi, liandike daftarini, kisha tafuta orodha ya prosesa inazozipokea. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.