Toba ya Margherita Jukwaani

Mwaka 1938, katika jumba la La Scala mjini Milano, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza opera, yaani mchezo wa kuimbwa, iitwayo Margherita da Cortona. Maneno yake yalitungwa na Emidio Mucci, na muziki wake na Licinio Refice, padri wa Kikatoliki. Mwaka 1934 wawili hao walikuwa wamekwisha kutoa Cecilia, habari za bikira shahidi. Safari hii walimchagua mwanamke aliyeanguka.

Margherita alizaliwa Laviano, nchini Italia, mwaka 1247. Alikaa na kabaila mmoja kwa muda wa miaka 9, akamzalia mwana bila ya kuolewa. Kabaila huyo akauawa. Masimulizi yasema kwamba mbwa ndiye aliyemwongoza Margherita hata penye maiti. Akarejea kwa baba yake pamoja na mwanawe, akakataliwa. Wafransisko wa Cortona ndio waliompokea.

Hapa ndipo penye uzito wa kisa. Kosa lilikuwa la watu wawili, lakini toba ilidaiwa kwa mmoja, tena aliye dhaifu. Naye hakuishia katika machozi: alianzisha hospitali ya wagonjwa maskini, akawatendea wengine wema alionyimwa kwao. Alifariki mwaka 1297, na Kanisa likamtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1728, yaani baada ya miaka 431.

Mtazamaji wa opera hiyo, basi, asiulize tu jinsi mkosaji alivyotubu. Aulize pia ni nani aliyemfungulia mlango.